Mashine Isiyo na Moja

Mkuu mpya wa ofisi alipofika Gitega kutoka Bujumbura, kitu cha kwanza alichokilalamikia ni mlio wa mashine yangu. Alisema unamuumiza kichwa. Nilimjibu kimoyomoyo kwamba huo mlio ndio unaomwandikia ripoti anazozitia sahihi, kisha nikaendelea kupiga, tena kwa nguvu zaidi, kwa sababu nakala za kaboni hazitokei kwa kubembeleza. Nilikuwa mpiga chapa wa mradi wa mbegu, dactylo kama tulivyosema sisi. Kila msimu magunia ya maharage na mahindi yalikwenda Itaba, Bukirasazi na Ryansoro, barabara ikiruhusu, na hakuna gunia lililopakiwa kabla halijapita kwenye vidole vyangu.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kijani, nzito, ya miaka ya kina baba. Herufi e ilirukia juu ya mstari. Tarakimu ya moja haikuwepo kabisa. Waliotengeneza mashine za aina ile waliona ni kuharibu chuma bure, maana herufi l ndogo inafanana nayo vya kutosha. Kwa hiyo tulipotaka moja tulipiga l. Shuleni tulifundishwa hivyo, na kwa miaka yangu yote kazini hakuna mhasibu wala mkaguzi aliyewahi kuona tofauti.

Mvua za kwanza zilipokaribia, mkuu akatukusanya. Alisema kompyuta mbili zinakuja, moja ya ofisi yetu na moja ya ofisi ndugu ya Muyinga. Wanaotaka kukaa mbele ya kompyuta hizo watafanya mtihani huko Muyinga, ambako kulikuwa na jenereta nzuri. Mtihani uko wazi kwa kila mtu, mwenye kazi na asiye nayo. Watakaoongoza wawili watachukua nafasi mbili, na waliobaki mradi utawashukuru kwa utumishi wao. Sote tulijua maana ya kushukuriwa.

"Mimi nina cheti," nikasema.

"Cha nini, madame?"

"Cha dactylo."

Alitabasamu kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyoniudhi. "Hicho ni cha kuheshimiwa," alisema. "Lakini wenzako Bujumbura wanajifunza kila mwaka. Kazi sasa iko hivyo."

Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Wakati ule tulikuwa tunalala na viatu karibu na mlango, tunasikiliza milio ya risasi kutoka milimani na kubishana kama iko mbali au iko karibu, na huyu bwana anazungumza habari za kujifunza kila mwaka. Lakini chini ya hasira kulikuwa na hofu, na hofu ndiyo iliyonisindikiza nyumbani jioni ile. Mshahara wangu ulilisha watu wanne: mimi, Baba, na wadogo zangu wawili wa kike waliokuwa bado shuleni. Mama tulishamzika kabla ya vita.

Baba alikuwa fundi cherehani, wa kanzu na suruali, na mtaa wetu wa Waislamu wote ulivaa kazi yake siku ya Idi. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka wiki ya kwanza ya vita, na haukuacha tena. Hakuweza kupitisha uzi kwenye sindano. Kila asubuhi alikaa barazani pembeni ya cherehani iliyofunikwa kitambaa, akisalimiana na wapita njia. Zamani alikuwa na cherehani mbili. Ya pili aliiuza ili mimi nisome udactylo, na cheti changu alikitengenezea fremu kwa mikono yake mwenyewe na kukitundika juu ya mlango wa sebule, mahali ambapo mgeni hawezi kukikwepa.

"Iko nini leo?" aliniuliza. "Uso yako iko ya mutu amemeza limau."

Nilimweleza yote, na nilipomaliza nikakinyooshea kidole kile cheti, kana kwamba ndicho kilichonitukana.

"Hiyo cheti iko kwa ukuta," Baba alisema. "Ukuta ndiyo inaenda kazini?"

"Baba, miaka yote hii napiga mashine. Leo naambiwa sijui kitu."

"Na mi? Vijana walitaka suruali za miguu mipana, nikajifunza. Wakakuja kutaka za kubana, nikajifunza. Halafu nguo za mitumba zikaingia, watu wakaacha kushonesha, nikajifunza kupunguza kiuno ya suruali ya muzungu. Kila fashion ilinikuta mujinga, mwana wanje. Mujinga haifi. Inajifunza tu."

Sikutaka kucheka, lakini nilicheka. Hata hivyo swali lilibaki palepale: nani angenifundisha, na saa ngapi? Jua likizama hakuna aliyetoka nje, na kompyuta katika mji wa Gitega zilikuwa za kutafuta.

Nilimpata mwalimu mahali nisipopatazamia. Mlangoni mwa soko kulikuwa na mwanamke wa Kikongomani, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyeuza vitenge. Mkristo yule aliimba kanisani Jumapili mpaka Jumatatu akawa anauza kwa kunong'ona. Nilikuwa na tabia ya kupita kwake kushikashika vitambaa bila kununua, na yeye alikuwa na tabia ya kunivumilia. Siku hiyo nilishika kitenge huku nikimlaani mkuu wangu, na kompyuta zake, na Bujumbura nzima.

"We unalia juu ya ordinateri?" aliniuliza. "Bon, mi njo nilikuwa sekretari kule Bukavu. Nilitumikisha ordinateri miaka mingi. Diplome yangu iliungua na nyumba, lakini vidole haikuungua."

Niliacha kitenge. "Utanifundisha?"

"Nitakufundisha. Lakini nisikudanganye, ma chère. Hiyo test, na mi nitaifanya. Umesema iko wazi kwa batu bote."

"Kwa hiyo unifundishe, halafu unishinde?"

"Kwanza ujue kuiwasha," alisema, akikunja kitenge nilichokivuruga. "Mambo ya kushindana tutaona mbele."

Nilipomsimulia Baba, aliitikia kwa kichwa. Nilipomwandikia shangazi yangu wa Muyinga kumwomba malazi ya siku za mtihani, na kumgusia habari hiyo, alinijibu kwa maneno machache tu: kikulacho ki nguoni mwako. Shangazi alikulia Ngara, upande wa Tanzania, na hakukosa methali ya kumpiga mtu nayo. Mimi nilijua anachosema kina maana, lakini sikuwa na mwalimu mwingine. Na ukweli ni kwamba yule mwanamke naye alinihitaji. Kompyuta pekee tuliyoweza kuipata ilikuwa ya duka moja la picha na kadi za harusi, na mwenye duka hakutaka mkimbizi aiguse. Nilimdhamini mimi, mtoto wa fundi aliyemshonea suruali ya harusi yake. Tukapewa nafasi saa za mchana, wakati wengine wanakula.

Masomo ya kwanza yalikuwa aibu tupu. Nilipiga vitufe kwa nguvu ya kaboni nne, mpaka mwenye duka akaja mbio kutoka nyuma akidhani tunapigilia misumari.

"Pole pole, dada," mwalimu wangu aliniambia. "Haiko ngoma. Iguse tu, yenyewe inasikia."

Vidole vilielewa kabla ya mkono. Kila nilipofika mwisho wa mstari, mkono wa kushoto uliinuka wenyewe kutafuta kile chuma cha kurudisha roli ya karatasi. Kompyuta haina chuma hicho. Mkono ukapiga hewa, na mara moja hewa hiyo ilikuwa na glasi ya chai ya mwenye duka ndani yake. Alitufukuza. Ilibidi Baba aende kumsalimia na kukaa naye kibarazani asubuhi nzima, bila kutaja chai hata mara moja, ndipo tukaruhusiwa kurudi.

Kisha umeme ukakatika. Nguzo ziliangushwa mahali fulani njiani, na mafundi hawakuweza kwenda kuzisimamisha kwa sababu ya usalama. Ulirudi, ukakatika tena. Tukawa tunakaa mbele ya kioo cheusi, mwalimu ananisimulia kwa mdomo yale ambayo yangetokea kama kungekuwa na umeme. Barua nilizijua vizuri kufikia hapo. Majedwali ya hesabu tuliyafanya siku moja tu, umeme ukiwa umerudi kwa muda mfupi, naye ndiye aliyeandika tarakimu kwa haraka huku mimi nikitazama.

Sikuweza kukaa bure. Nilichukua ubao wa boksi la sabuni, nikaupeleka ofisini, na wenzangu walipokwenda kula nikachora juu yake vitufe vyote kwa kalamu nyeusi, nikinakili kutoka kwenye mashine yangu, kitufe kwa kitufe, kwa uaminifu kabisa. Tangu siku hiyo nilikuwa na kompyuta yangu ya boksi. Niliiweka mapajani barazani, pembeni ya Baba, nikapiga barua za mradi, nikapiga hesabu za magunia ya Itaba, nikapiga Alhamdu nzima kwa herufi za Kilatini. Majirani walisimama kututazama. Mmoja aliniuliza kama barua zangu zinafika.

"Zinafika," Baba alimjibu kwa niaba yangu. "Zinapita juu ya bariyeri ya askari."

Siku ya safari tulipanda gari la mradi asubuhi, barabara ilipotangazwa kuwa imefunguliwa. Nilimwomba dereva ampakie na Mkongomani wangu, na dereva, ambaye mke wake alimdai kitenge tangu sikukuu, hakuona ubaya. Tulipita Karuzi. Dereva hakuwasha redio. Kila kona mtu alivuta pumzi, na baada ya kona aliiachia.

Kwenye kizuizi kimoja askari walituteremsha. Mwenye kuongoza, kijana mwenye macho ya mtu asiyelala, alikagua kadi ya mkimbizi ya mwenzangu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akafungua mfuko wangu na kutoa ubao wa boksi. Aliugeuza juu chini. Aliona miraba midogo mistari kwa mistari, na herufi ndani ya kila mraba.

"Iki ni igiki?" aliuliza kwa Kirundi. Hiki ni nini? Kisha kwa Kiswahili, polepole: "Hii ni ramani ya nini?"

Nilianza kueleza mambo ya kompyuta na mtihani, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwongo. Mwisho niliuweka ubao juu ya boneti ya gari.

"Nitajie jina lako na namba yako ya jeshi," nilimwambia. Sijui nilipata wapi ujasiri ule. "Nitakuandikia."

Akataja. Nikapiga jina lake na namba yake juu ya boksi, kwa kasi yangu yote, na vidole vikatoa ule mlio mdogo wa karatasi ngumu. Mwenzangu alisimama karibu, ameshikilia kadi yake, akitazama mikono yangu. Askari naye alitazama mpaka nilipomaliza.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

Uso wake ukalegea, akawa mtoto wa mtu. "Basi Mungu akusaidie uandike vizuri na kule," alisema, na akatupisha. Garini niliukumbatia ubao wangu hadi tulipoingia Muyinga. Mwenzangu aliimba tenzi chini kwa chini, na mimi nilimshukuru Mungu kwa lugha yangu.

Shangazi alitupokea kwa wali na maharage. Nilimwona anavyompima mgeni wangu kuanzia kichwani hadi miguuni. Lakini mgeni hata kama ni kikulacho, akifika amefika. Alimpa kitanda chake mwenyewe, yeye akalala mkekani pamoja nami. Kabla ya kula tulisubiriana: Mkongomani alifumba macho akasali sala yake, sisi tukasema bismillahi yetu, na chakula hakikupoa.

"Mwanangu," shangazi aliniambia gizani, "huyu bibi nimempenda. Ndiyo maana namhofia zaidi. Mtu mbaya utamkasirikia na kumshinda. Huyu utamwonea haya."

Mtihani ulifanyika katika makundi mawili, kwa kuwa kompyuta zilizowekwa chumbani zilikuwa chache. Kundi la asubuhi lilikuwa na dactylo wa Muyinga mwenyewe, mwanamume wa makamo aliyevaa koti lililopigwa pasi vizuri kuliko la mkuu wetu. Sisi tuliingia baada yao. Mimi na mwenzangu tulikalishwa jirani. Msimamizi alikuwa binti wa Bujumbura, mpole, aliyesoma kompyuta tangu akiwa shuleni. Alitueleza kwamba hakuna kuzungumza, na atakayezungumza atapunguziwa alama.

Barua niliiandika nikifurahia. Vidole viliteleza, mkono wa kushoto ulitulia mahali pake, na nilimaliza nikiwa na nafasi ya kuisoma tena. Nilianza hata kujiona. Kisha nikafungua jedwali: magunia ya mbegu ya komuni zetu, yaani tarafa zetu, na komuni za Muyinga, yaandikwe, yajumlishwe na kompyuta, jumla ionekane chini. Niliingiza tarakimu zote. Niliona kwamba baadhi zilijisogeza upande wa kushoto wa vyumba vyake na nyingine zikakaa kulia, jambo ambalo dactylo hawezi kulivumilia. Nikazipanga zote kulia, mstari ukanyooka. Nikabonyeza pa kujumlisha.

Jumla ilikuwa ndogo. Sikuhitaji kupiga hesabu kuliona hilo, kwani Bukirasazi peke yake ilikuwa na magunia mengi kuliko jumla ile. Nikafuta nikajumlisha tena. Ikaja ileile. Nilikagua kila tarakimu kwa kidole, zote zilikuwa sahihi, na kompyuta ikaendelea kuniambia uongo bila haya. Nilimwita msimamizi. Akainama, akatazama kioo, akalinganisha na karatasi.

"Naona kila kitu kiko sawa," alisema, na yeye mwenyewe alionekana kushangaa. "Samahani, madame, zaidi ya hapo siruhusiwi kusaidia."

Niliiandika tena safu nzima upya. Vidole vile vile, jumla ile ile. Jenereta ilinguruma nje. Mawazoni nilimwona Baba barazani, nikaona wadogo zangu wakirudi kutoka shule wamefukuzwa, nikaona fremu ile juu ya mlango, na nikaichukia kompyuta kwa chuki ya kweli, kama mtu anavyomchukia mtu. Nilitaka kuipiga kofi. Nilikuwa karibu kulia mbele ya watu nisiowajua, na kwangu hilo lilikuwa baya kuliko kufeli.

Jirani yangu alikuwa amemaliza. Alikuwa amekaa mikono mapajani, anasubiri. Nilihisi ananitazama, lakini kioo changu hakukitazama. Alitazama mikono yangu, jinsi alivyoitazama kule kwenye boneti. Nilipoanza safu kwa mara ya tatu, alizungumza, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayeuza vitenge.

"Dada, kule Bukavu mashini yetu na yenyewe haikuwa na moja."

"Hakuna kuzungumza," msimamizi alisema, na akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hakuelewa alichosikia. Hajawahi kupiga mashine ya kijani maishani mwake. Kwake ilikuwa sentensi isiyo na kichwa wala miguu.

Mimi niliielewa mpaka kwenye ncha za vidole. Nilitazama mkono wangu wa kulia, na kile kidole cha pete kilikuwa kimeshalala juu ya l, kikisubiri kuandika kumi na mbili. Kwa jicho la binadamu ilikuwa moja. Kwa kompyuta ilikuwa herufi, na herufi haijumlishwi, kwa hiyo iliziruka zote, kimya kimya, kila tarakimu iliyokuwa na moja ndani yake. Na zile zilizojisogeza kushoto, kama maneno yanavyokaa, zilikuwa zikijaribu kuniambia, nami kwa usafi wangu nikazinyamazisha. Kitufe cha moja kilikuwa juu kabisa, kwenye kona ya kushoto. Sikuwahi kukigusa. Kwenye boksi langu, kona ile ilikuwa tupu.

Nilirekebisha safu yote. Nikajumlisha. Jumla ikapanda ikawa ile niliyoitarajia, na mimi nikashusha pumzi ambayo nafikiri nilikuwa nimeibeba tangu Gitega. Nikasikia njaa ghafla, kali, ya mtu mzima wa afya.

Tulipotoka nilimshika mkono uani. "Kwa nini ulisema? Umepunguziwa alama."

"We ulinidhamini kwa duka," alisema. Kisha akanitania, maana hakupenda uso wangu ulivyokuwa. "Na mwaka wangu wa kwanza Bukavu nilifanya hiyo hiyo kosa, bakanicheka mwezi muzima. Hata kwa bariyeri niliona boksi yako, nikasema moyoni, kuna kitu haiko hapa. Lakini bunduki ilinifunga akili."

Majibu yalisomwa alasiri, uani, mbele ya watahiniwa wote. Wa kwanza alikuwa yeye, pamoja na alama alizokatwa. Wa pili nilikuwa mimi. Mkuu wetu, ambaye alikuja kusoma majibu mwenyewe, alinitazama kwa namna mpya, na sikujisumbua kujifanya sikufurahi. Nilifurahi waziwazi, na shangazi aliyesimama langoni alipiga kigelegele ambacho hakikuruhusiwa na mtu.

Dactylo wa Muyinga hakuitwa. Alikuja kunipa mkono, akaniambia hongera, na akaniambia pia kwamba kompyuta aliyopewa ilikuwa mbovu, ilikataa kujumlisha. Nilijua mara moja ni ubovu gani. Nilimweleza, nikamwona anavyotazama kidole chake mwenyewe. Nilimwendea mkuu, nikamwambia jambo zima mbele ya yule msimamizi, na msimamizi aliahidi kwamba mtihani ujao watu wataambiwa mapema. Kwa dactylo yule haikubadilisha kitu siku hiyo. Furaha yangu ilipungua kidogo, na nadhani ilikuwa haki ipungue.

Lakini shida yangu moja ilikuwa bado. Nafasi zilikuwa mbili, Gitega na Muyinga, na wa kwanza ndiye wa kuchagua. Meza ya vitenge ilikuwa Gitega, kanisa lake lilikuwa Gitega. Akichagua Gitega, mimi ningebaki Muyinga na mshahara, na Baba angebaki kule na mkono wake, na barabara ile katikati yetu. Mkuu akamwuliza.

"Muyinga," alisema bila kufikiri.

Niligeuka kumtazama. Aliniona, akacheka.

"Usijidanganye, ma chère, si juu yako. Mutu amekimbia mara moja, anatafuta mahali mupaka iko karibu. Hapa vita ikifika, mi niko Tanzania kabla ya chai." Kisha akamgeukia shangazi, aliyekuwa ameshaingia mpaka katikati ya ua. "Na mama huyu iko na kitanda muzuri."

Shangazi alimwambia kitanda kinamngojea, na kwamba siku hizi yeye mwenyewe ameanza kupenda mkeka. Ile methali yake hakuitaja tena, wala mimi sikumkumbusha.

Nilirudi Gitega na gari lile lile. Kizuizi kilikuwa palepale lakini askari walikuwa wengine, na hakuna aliyefungua mfuko wangu. Nilimkuta Baba barazani. Alitazama jinsi nilivyoteremka garini, akasema alhamdulillahi, na ndipo nikajua kwamba kwa siku zote zile alikuwa anaogopa kuliko mimi, na kwamba utani wote ulikuwa wa kunificha hilo. Nilikaa chini karibu na miguu yake na nikalia, kwa nafuu tu, machozi yasiyouma.

Baadaye nilimsimulia habari ya moja. Alinifanya nirudie mara mbili. Aliomba ubao wa boksi, akauweka mapajani, akatafuta ile kona tupu, juu, kushoto. Kisha akafunua cherehani, akavuta droo, akatoa chaki yake ya kuchorea nguo, ambayo nilikuwa sijaiona mkononi mwake tangu mwaka ule wa kwanza wa vita. Mkono ulitetemeka kama kawaida. Alingoja kidogo, akavuta mstari mmoja kutoka juu kwenda chini. Ulitoka umepinda, lakini ulikuwa moja, na mtu yeyote angeisoma.

"Hiyo hata mi naiweza," alisema.

Akanirudishia ubao, akaomba chai.